Fundi wa Vyoo Aliyenunua Televisheni Akakosa Raha

Saa mbili asubuhi, mvua imekatika muda si mrefu, na mzee mmoja amelala kifudifudi kwenye zege la ua, sikio lake likiwa juu ya bomba. Anagonga mara mbili kwa kipande cha nondo, anasikiliza, anasogea kidogo, anagonga tena.

"Limeziba hapa," anasema. "Na ni nywele."

Wapangaji wanne wa nyumba hiyo wanatazamana. Kila mmoja anajua ni nywele za nani. Mzee ananyanyua mfuniko wa chemba ya majitaka, anavaa glovu zinazofika viwikoni, anashuka hadi kiunoni na kuanza kusokota waya mrefu wa chuma ndani ya bomba. Baada ya dakika ishirini maji yanaondoka yote kwa mkupuo, naye anatoka na donge la nywele bandia mkononi. Analifunga kwenye mfuko bila kuuliza mwenyewe ni nani.

Mtaani wanamwita Mzee Chemba. Ana miaka hamsini na tisa, na kazi ya kuzibua vyoo na mitaro ameifanya kwa miaka thelathini na moja. Ametoa humo vijiko visivyo na idadi, pete mbili za ndoa, na seti ya meno ya bandia ambayo mwenyewe alikwishawasingizia wajukuu kuwa wameyaficha. Jina la utani halimuudhi hata kidogo.

"Nashinda kwenye chemba," anasema. "Ulitaka waniite Mzee Bustani?"

Wakati wa mvua hupata kazi nne au tano kwa siku. Kiangazi anaweza kukaa wiki nzima simu haijalia. Malipo ya chemba moja, anasema, ni chakula cha siku mbili kwa mtu asiyependa sana nyama. Wapo wateja wanaomlipa kwa kuziweka fedha juu ya ukuta na kurudi nyuma, azichukue mwenyewe wakishaondoka.

Mwandishi wa makala haya alimfuata ili kuandika habari za mvua na mitaro kuziba, maana ndivyo mhariri alivyoagiza. Lakini ilipofika saa tisa alasiri Mzee Chemba akaanza kutazama saa kila dakika mbili, akakataa kazi moja iliyokuwa nono, na habari ya mitaro ikaishia hapo.

Alikuwa anawahi kuoga.

Kuoga kwa Mzee Chemba ni kazi nyingine kabisa. Anaanza na sabuni ya mche na brashi, anafuata na maji ya ndimu, kisha anamalizia na sabuni ya kunukia ambayo bei yake ni mara nne ya sabuni ya kawaida. Hiyo huifuta, huiacha ikauke, halafu huirudisha kwenye karatasi yake. Baada ya hapo ni shati lililopigwa pasi, kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, na kipande cha keki kutoka duka la mikate la pale kona. Keki huila kwa kuanzia pembeni, akiiacha sehemu ya katikati, yenye jamu, iwe ya mwisho.

"Anasa zangu ndizo hizo," anasema. "Pombe sinywi, sigara sivuti. Nina sabuni yangu, nina keki yangu, nina tamthilia yangu. Mtu anayeshinda chini ya ardhi lazima awe na kitu cha kumrudisha juu."

Tamthilia yenyewe huonyeshwa saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Imetoka nchi ya mbali na kutiwa sauti za Kiswahili. Dada wawili wanagombea hoteli ya marehemu baba yao, na mpishi wa hoteli hiyo, mwanamume mpole asiye na makuu, anampenda yule dada mkubwa tangu sehemu ya kwanza lakini hajathubutu kumwambia. Siku ya mazungumzo haya ilikuwa imefika sehemu ya mia saba na tisini, na mpishi alikuwa bado anakatakata vitunguu tu. Kituo kilikuwa kimeshatangaza kwamba ingemalizika baada ya wiki mbili.

Televisheni ya Mzee Chemba ni kubwa na mpya, imefungwa ukutani mbele ya kitanda. Alijibana miezi minane kuinunua. Mtu angetegemea kumwona amejinyoosha kama bwana harusi. Badala yake amekaa kwenye ukingo wa kitanda, chai inapoa, keki haijaguswa. Dada mdogo anapouchana wosia wa baba yake, mzee anashtuka.

"Umeona hiyo?" anauliza, na kugeuka kushoto.

Kushoto kuna ukuta na kalenda. Mwandishi alikuwa amekaa kulia. Mzee anabaki akiitazama ile kalenda kidogo, kisha anachukua rimoti na kuzima kabla kipindi hakijaisha.

"Televisheni haina kosa," anasema. "Kosa ni langu."

Milango mitatu kutoka kwake anaishi mshonaji nguo, mjane wa miaka hamsini na moja ambaye watoto wake wamekwenda kujitegemea mbali. Miaka mitatu iliyopita alimwita Mzee Chemba kuzibua bafu lake. Kazi ikaisha, mzee akasahau ndoo. Jioni, akiwa ameshaoga, alirudi kuifuata, akasimama nje ya dirisha ili aiombe. Ndani televisheni ilikuwa inawaka, na wakati huohuo dada mkubwa akazabwa kofi. Mzee akasahau ndoo kwa mara ya pili.

Mshonaji, aliyekuwa anakunja pindo kwenye cherehani, hakumfukuza wala hakumuuliza anataka nini. Alimwambia tu kwamba huyo aliyepiga kofi bado hajaanza ubaya wake.

Kesho yake mzee akaja "kuangalia kama bomba linapitisha vizuri". Keshokutwa bomba likawa bado linahitaji kuangaliwa. Siku ya nne akakuta nje ya dirisha pamewekwa stuli, na televisheni imegeuzwa kidogo kuelekea kwake. Kuanzia hapo kila jioni alikuja na kikombe chake na keki mbili, moja akiipitisha kati ya nondo za dirisha. Wakatazama hivyo kwa miaka miwili na miezi kadhaa, yeye nje na mshonaji ndani. Mvua ikinyesha alifungua mwavuli. Kila mara mpishi alipokaribia kusema akanywea, mshonaji alimfokea kwenye skrini, "Sema basi, we mwanaume," na Mzee Chemba alikuwa akiona ghafla kwamba chai yake inahitaji kukorogwa.

Kwa nini hakuingia ndani? Mzee hapendi swali hilo. Anajibu akiwa ameinama, anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Zamani, kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yake, mama mmoja alitoa leso akaziba pua, na benchi lote likahama. Alikuwa ameoga. Tangu siku hiyo nyumba ya mtu huingia kwa kazi tu, na hupitia mlango wa nyuma.

Binti yake, ambaye sasa ni mwalimu wa watoto wadogo na ana mji wake, anaikumbuka siku hiyo na bado inamuuma.

"Baba hanuki, hajawahi kunuka," anasema. "Mimi darasani walikuwa wananiuliza natumia marashi gani. Kumbe ni ile sabuni yake, imeshika mpaka kwenye nguo zangu."

Kununua televisheni kulitokana na shingo. Mzee alianza kuona kwamba kila kipindi kikiisha, mshonaji anajikanda shingo. Akapiga hesabu zake kimyakimya. Televisheni imegeuzwa dirishani kwa ajili yake, kwa hiyo mshonaji anatazama kwa kujipinda, naye ameshinda siku nzima ameinamia cherehani. Akaona anamtesa mwanamke wa watu. Ndipo akaanza kuweka akiba, ili anunue ya kwake naye jirani airudishe televisheni yake ikae sawa.

Hilo la shingo hakulitaja. Siku aliyoinunua alikwenda dirishani akatangaza kwamba amepata televisheni, kwa hiyo hatamsumbua tena jirani yake. Mshonaji akamwambia hongera. Kesho yake stuli haikuwepo, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Imepita miezi minne.

"Nataka kurudi," anasema Mzee Chemba. "Lakini mtu ana televisheni ukutani, anakwenda kuomba dirisha kwa sababu gani? Na tamthilia yenyewe ndiyo hiyo inaisha. Ikiisha sina hata neno la kuanzia."

Siku chache baadaye mwandishi alikwenda kwa mshonaji kwa kisingizio cha kubana suruali, ambayo kwa kweli ilihitaji kubanwa. Mshonaji alikuwa na pini mdomoni, jambo ambalo huenda lilimfaa, kwani hakuwa na hamu ya maongezi. Pini zilipokwisha alisema kidogo.

"Alikuja kuniambia kanunua. Nikampa hongera. Ulitaka nimpe nini?" Akaigeuza suruali. "Mtu akinunua yake, ndiyo kasema ya kwako basi. Mimi nilijua amechoka na stuli. Hata mimi ningechoka."

Alipima kiuno, akaandika. Kisha, bila kuinua macho, akauliza kama yule jirani bado anakula keki kwa kuanzia pembeni. Mwandishi akamjibu kwamba siku hizi keki inabaki nzima. Mshonaji aliweka chaki mezani, akasema suruali itakuwa tayari baada ya siku tisa.

Habari ya shingo haikuwa ya mwandishi kuisema, na hakuisema, ingawa ilimwasha ulimi.

Baada ya siku tisa mwandishi alirudi kuchukua suruali, akakuta mambo si yale tena. Wenyewe walisimulia kwa kupokezana, wakibishana juu ya kila kitu isipokuwa mwisho wake.

Bafu la mshonaji lilikuwa limeziba tena, naye kwa ukaidi akamwita fundi mwingine. Mzee Chemba alipita akaona ndoo ngeni imesimama kwenye ukuta wa mshonaji. Anakiri kwamba miaka yote ya leso na fedha za ukutani haikumuuma kama ndoo ile. Alijikaza siku mbili. Siku ya tatu akaona maji yametuama nje ya ukuta, akaenda kubisha mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ile ya leso.

Akamwambia kwamba yule fundi amemwachia uchafu kwenye kiwiko cha bomba. Mshonaji akamjibu kwamba kama amekuja kuzungumza na bomba, bomba liko nyuma. Mzee akaenda nyuma, akafanya kazi, akarudi kwake akaoga mara tatu, kisha akaja tena mlangoni. Hakuwa na kikombe wala keki.

"Nikamwambia yote, nimesimama palepale," anasimulia. "Kwamba nilinunua kile kitu kwa ajili ya shingo yake. Nilimwona anaumia. Na kwamba tangu siku ile sijatazama kitu, nawasha tu."

Mshonaji anasema alisimamisha cherehani. Hapo anacheka kidogo, halafu machozi yanamlengalenga, anayafuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

"Jirani huyu ni fundi, lakini hesabu hajui," anasema. "Televisheni niliigeuza kidogo tu, nilikuwa naiona vizuri. Yeye ndiye alikuwa pembeni. Shingo iliniuma kwa kumgeukia yeye, nimwone anavyocheka."

Mzee anatazama sakafu. Amekaa ndani, kwenye kochi, karibu na mto uliotariziwa, na ameweka mikono magotini kama mtu anayesubiri kuitwa. Mara mbili mshonaji amemwambia aegemee. Mara ya tatu ameegemea.

Jioni ile alitaka kuleta televisheni yake kubwa ikae hapa. Mshonaji akakataa katakata. "Ukiileta," alimwambia, "kesho utasema umeifuata hiyo, si mimi." Basi ameipeleka kwa binti yake. Binti naye ameshatumwa kwa kaka wa mshonaji kupeleka salamu, na wote wanajua si salamu tu. Mzee anatumaini jibu litapatikana kabla mvua hazijaisha, wakati kazi bado zipo. Mshonaji anasema kaka yake hana kipingamizi, ila anapenda kubembelezwa.

Sehemu ya mwisho ya tamthilia waliitazama pamoja Ijumaa iliyopita. Mpishi alisema hatimaye, na alisema kwa dakika kumi nzima. Mshonaji anaona alizidisha.

Mwandishi akauliza watafanya nini sasa, saa kumi na mbili na nusu ikifika.

"Kuna nyingine inaanza Jumatatu," anasema Mzee Chemba. "Ya watu wa shamba la farasi. Kila aliyewahi kuiona anasema ni mbovu kupindukia, na ina sehemu mia tisa." Anamtazama jirani yake. "Tutaitazama yote."