Kome Wamerudi Mae Klong, Oranut Bado

Maji yamekupwa mlangoni mwa mto Mae Klong, nchini Thailand. Bi Chuenchai amepiga magoti topeni, anachovya kijiti kwenye chokaa na kukitia katika kitundu kidogo. Anasubiri. Kome mwembamba anawashwa na chokaa, anachupa juu. Bi Chuenchai anamdaka, anampima kwa kidole, anamrudisha.

"Huyu bado mtoto," anasema.

Zamani kapu lilijaa kabla jua halijawa kali. Siku hizi akipata kilo mbili ni bahati.

Kome hawa wana madeko yao. Wanataka tope lenye mchanga, na maji yasiyo chumvi tupu wala baridi tupu. Mwaka wa mafuriko, mto ulimwaga maji baridi, yasiyo na chumvi, mfululizo na kufukia vitundu kwa tope laini. Kome wakafa, pwani nzima ikanuka. Ukame uliofuata ukaleta chumvi kali, na minyoo ikatamalaki palipokuwa pao.

Shida ikazaa pupa. Watu waliacha kijiti, wakawa wanamwaga chokaa kwa ndoo. Kome wakubwa walitoka, wachanga wakafia humo humo.

"Mwenye njaa hana miiko, dada," anajitetea jirani yake, Prayat, ambaye naye alimwaga.

Mwaka huo wa pupa, Oranut, binti pekee wa Bi Chuenchai, alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha samaki mjini Mahachai. Aliahidi kurudi kome wakirudi. Mama yake akawabembeleza majirani waache kipande kimoja cha tope kipumzike. Walimcheka, lakini walikubali.

Leo ndiyo siku ya kukifungua kipande hicho, ambacho Bi Chuenchai amekuwa akikipima, na wote wamesimama na makapu wakingoja neno lake. Anawaambia wasubiri mwaka mmoja zaidi. Prayat ananung'unika, kisha anageuza kapu lake na kulikalia.

Simu inaita. Ni Oranut.

"Wapo, Mama?"

"Wapo. Ila wadogo."

"Kwa hiyo nisaini mkataba mwingine?"

"Saini, mwanangu."

Mto ukiwa na kiasi msimu ujao, anasema, kome watakomaa, naye atampigia mwenyewe. Kwa sasa anapangusa simu kwa upindo wa nguo yake, macho yamemlowa, wala hayafichi.

"Ningesema 'njoo', angekuja," anamwambia Prayat. "Tungewala hawa wadogo, kisha angeondoka tena. Na safari hiyo asingekuwa na cha kurudia."