Feni ya Gari la Mwalimu Ruth

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyompa Mwalimu Ruth ufunguo wa gari lake huku nikijua halitamfikisha Naivasha.

Wewe umekua ukiona haibridi, haya magari ya petroli na betri, kila kona ya Nakuru, hata teksi ni haibridi. Mwaka wa 2007 mambo hayakuwa hivyo. Gereji yetu ilikuwa kando ya barabara ya Lanet, na mwenyewe alikuwa Mzee Jaswant, Mhindi wa kilemba aliyezaliwa hapa hapa Nakuru. Gari la Mwalimu lilipoingia mara ya kwanza tuliacha kazi zote. Akaliwasha, hatukusikia kitu. Mwenzetu mmoja akamwambia, "Madam, jaribu tena, haijashika." Kumbe gari tayari lilikuwa linarudi nyuma kimya kimya, nusura limkanyage! Tulicheka wiki nzima. Natamani siku zile hadi leo.

Mzee Jaswant hakucheka. Aliketi kiti cha nyuma, akaona tundu lenye wavu kando ya kiti, akaliwekea kiganja.

"Hapa ndio inapumua," akasema. "Betri kubwa iko nyuma ya kiti, na feni inaivutia hewa. Ikikosa hewa inachemka, gari inazima."

Tangu hapo, mzee akiwepo, haibridi haikutoka gerejini kabla hajaweka kiganja pale.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na ujuaji mwingi kuliko ujuzi. Nilikuwa nikienda saiba, vile vibanda vya intaneti, kusoma habari za magari hayo, na watu wakaanza kuniita fundi wa haibridi. Jina hilo lilinikolea.

Desemba ile Mwalimu alituachia gari lake likisubiri kioo cha mbele kutoka Mombasa, kwa sababu jiwe lilikuwa limekitia ufa. Shule zilikuwa zimefungwa na hakuwa na haraka. Wiki hiyo hiyo akaja Bwana Hosea, mnunuzi wa maua kutoka Naivasha, na gari la aina ile ile. Vumbi lilikuwa limeua feni yake ya betri. Nilipiga simu Nakuru nzima, nikapiga Nairobi, hakuna aliyekuwa na feni hiyo. Ilibidi iagizwe Japani, na kungoja ni wiki nyingi.

"Boss, nimeambiwa huku Nakuru ni wewe tu unajua hizi," akaniambia. "Usiniangushe."

Wajua desturi yetu mafundi. Gari likikaa gerejini, spea zake huwa za wote. Unatoa hapa, unafunga pale, mpya ikija unarudisha, na mwenyewe hajui kitu. Tunaita kuazima. Mzee Jaswant aliichukia desturi hiyo, kwa hiyo nilingoja Jumapili alipokwenda kusali, nikaichomoa feni ya Mwalimu na kumfungia Hosea. Akaondoka akinisifu, nami nikalala usingizi mtamu.

Ikaja Januari, na ghasia za baada ya uchaguzi. Habari za Januari ile umezisikia za kutosha, sitakurudishia. Barabara zilifungwa, petroli ikawa ya kutafutwa. Asubuhi moja Mwalimu aliingia gerejini kwa miguu kutoka Lanet, viatu vyeupe kwa vumbi. Mama yake alikuwa Karagita, kule Naivasha, peke yake katika chumba cha kupanga.

"Ananipigia simu akilia," akasema. "Leo kuna msafara wa magari, askari wanasindikiza. Unatoka saa nane. Nipe gari vile iko, kioo ikae na ufa."

Lile gari lilikuwa likinywa kidogo, na mafuta yaliyobaki yangempeleka na kumrudisha. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nikajiambia labda litafika, labda kutakuwa na baridi njiani. Nikampa ufunguo. Mwanangu, naona aibu hata ninapokusimulia.

Mzee Jaswant akaja kumuaga. Gari lilikuwa limekaa juani na injini ilikuwa imekwisha kuwashwa. Akaingiza mkono kwenye lile tundu kama kawaida yake, hakuhisi hewa ikivutwa. Kisha akanitazama mimi.

"Feni iko wapi?"

"Mzee, niliazima tu, nilikuwa nirudishe..."

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenye gari."

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akaniuliza, "Ingezimia wapi?"

"Pengine kabla ya Gilgil, madam."

"Na msafara ungenisubiri?"



Mzee alichukua spana, akaenda kwenye gari lake mwenyewe, Peugeot aliyokuwa akiing'arisha kila Jumamosi. Akaichomoa feni ya hita. "Spea ya kuazima ni hii," akaniambia. "Mwenye gari niko hapa, nimekubali."

Tulikata mtungi wa plastiki tukaufanya bomba la hewa, tukafunga na tepu, tukaunganisha waya. Feni ilivuma saa tisa. Msafara ulikuwa umeondoka.

Mwalimu alisafiri kesho yake na msafara mwingine. Alimkuta mama yake kwenye uwanja wa kituo cha polisi, alikokimbilia na kukesha usiku ule kwenye baridi akiwa na leso moja tu ya kujifunika. Akarudi naye, na majirani wanne wamebanana nyuma. Walifika wazima, namshukuru Mungu. Lakini mama yule alitoka pale na kikohozi kilichomkaa miaka. Na Mwalimu hakuwahi kumwambia kwa nini alichelewa. Kila nilipokutana na mama huyo sokoni alinishika mikono miwili: "Asante fundi. Ni wewe ulitengenezea mtoto wangu gari." Kisha anakohoa.

Feni mpya ilipofika nilimfungia Mwalimu, nikampelekea Mzee Jaswant feni yake ya hita. Akakataa kuipokea. "Kaa nayo," akasema. Kila Julai aliendesha gari amevaa koti zito, hadi alipotuaga duniani. Feni hiyo ndiyo ile iliyo juu ya benchi langu, uliyoniuliza kwa nini siitupi.

Sasa nawe unafungua gereji yako, na spea za magari haya bado zitakusumbua. Kama kitu hakipo, sema hakipo, hata mteja akikukimbia. Usichomoe kitu kwenye gari ambalo mwenyewe hajasimama hapo akakubali. Na ukikosa, maana utakosa, sema kabla hujatoa ufunguo. Mimi nilisema kwa kulazimishwa, nimechelewa, na aliyelipia hakuwa mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, na kila gari litakalotoka kwako limfikishe mwenyewe kwa mama yake.