Nundu ya Fundi Matairi

Fundi matairi alikuwa na mdomo, mtaani hakuna asiyelijua hilo. Akiona tairi lina nundu ubavuni, hambembelezi mwenye gari. Hutoa upepo kwanza, maneno baadaye. Ukikasirika shauri yako, lakini kuondoka huondoki.

Siku daktari alipomwonyesha picha ya kichwa chake, akamwambia ukuta wa mshipa mmoja wa damu umelegea na kutuna kama puto dogo, fundi alielewa mara moja. Kwa bahati mbaya, alielewa kifundi.

Daktari alimweleza kwamba uvimbe ni mdogo, na mwingi wa namna hiyo haupasuki. Aache sigara, ameze dawa za presha bila kuruka, arudi kupigwa picha. Ila kichwa kikimuuma ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Kisha akamuuliza kama kwao kuna aliyewahi kufa ghafla. Fundi akajibu kwamba mama yake alishika kichwa akiwa anafua, akaanguka, hakuamka tena. Basi na ndugu zako wapimwe, daktari akasema, maana wakati mwingine jambo hili hutembea katika ukoo.

Ndugu alikuwa mmoja tu, mdogo wake, dereva wa lori. Walikuwa hawasemezani tangu wagombanie nyumba ya mama, na fundi ndiye aliyemtimua.

Akarudi kibandani kwake, akaanza kujitoa upepo. Sigara aliacha, dawa akameza, hapo sawa. Lakini akaacha pia kubishana mambo ya mpira, akaacha kucheza drafti na fundi viatu wa jirani, akaacha hata kucheka, eti presha isije ikapanda. Nani alimwambia hayo? Majirani wakadhani amenuna, wakamwachia mnuno wake. Akawa anajipikia, anakula peke yake akitazama matairi, na upweke ulimuuma kweli kweli.

Mchana mmoja akaja mwenye teksi, ana haraka, tairi la mbele lina nundu. Fundi akainama, akalitoa upepo. Mwenye teksi akafoka kwamba abiria wake anasubiri.

"Nimeshaiona," fundi akasema. "Nikikuacha uende nayo, ukifa nimekuua mimi."

Alipokwisha kusema, maneno yakamrudia mwenyewe. Akakaa juu ya ringi, akampigia mdogo wake.

Msamaha hakujua aanzie wapi, akaanza na kifo cha mama, kisha picha, kisha nenda ukapimwe. Mdogo wake akasikiliza mpaka mwisho, akakubali kwenda. Halafu akauliza:

"Na wewe kaka, kichwa kikikushika, nani yupo hapo akukimbize?"

"Nipo na watu."

"Watu gani?"

Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia. Matairi. Akajikuta analia, mtu mzima kama yeye, na mwenye teksi akajifanya anatafuta spana.

"Usikate simu," mdogo wake akasema. "Nageuza lori."