Nilimwapia Baba Maziwa ya Ngamia Hayataguswa na Moto, Sasa Wifi Yangu Amefukuzwa

Mhariri, ukiichapa hii naomba ufiche jina langu na mtaa wangu, kwa sababu mume wangu ana marafiki wanaosoma ukurasa huu kabla hata ya kunywa chai. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, naishi hapa Garissa na watoto watatu. Ndoa yangu haijawahi kuwa na makelele. Ndiyo maana nilichelewa kushtuka.

Mume wangu, tumwite Abdi, anafanya kazi na kiwanda kimoja cha Nairobi kinachokausha vyakula kwa kugandisha. Kahawa, supu, maembe, hata nyama. Alinieleza namna yake: chakula kinagandishwa mpaka kiwe jiwe, kinatiwa kwenye tangi la chuma, hewa yote inafyonzwa, halafu ile barafu inaondoka kama mvuke bila kuwa maji kwanza. Kinachobaki ni kikavu na chepesi kama povu, na ukikitia maji kinarudi vile kilivyokuwa. Nilidhani ananitania mpaka alipoleta vipande vya embe nikavitia kwenye kikombe cha maji mwenyewe.

Mwaka jana kiwanda kikataka maziwa ya ngamia ya kujaribu. Ngamia anao aabo, baba yangu, huko Habaswein. Sasa nyinyi wa mbali mjue kitu kimoja. Siku hizi wapo wanaochemsha maziwa ya ngamia, lakini kwa aabo hapana, chai yetu tunatia ya mbuzi. Wazee wetu wanaamini ukiyaweka motoni, chuchu za mnyama mwenyewe zinaumia na kundi linakauka. Kwa hiyo aabo hakuuliza bei. Aliniuliza mimi, "Binti yangu, huyo mtu wako ataweka maziwa yangu kwenye moto?"

Nikamuuliza Abdi. Akasema, "Ni baridi tu, mwanzo mpaka mwisho. Mwambie mzee aondoe wasiwasi." Nikamwapia aabo kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hakutaka kiapo cha Abdi, alitaka changu.

Kilichonitia shaka mwanzo ni kitu kidogo sana. Abdi alileta pakiti ya unga wa maziwa yale, tukakoroga, watoto wakanywa. Yeye hakunywa. Nikamwambia onja basi, akasema ameshiba. Kesho yake vilevile. Mtu aliyelelewa kwa maziwa ya ngamia anashiba vipi kila siku? Nami nilipoonja, moshi tunaofukizia vibuyu vya maziwa niliusikia, lakini nyuma yake kulikuwa na ladha nyingine, ya sufuria. Nikajiambia, mwanamke wewe acha shuku. Roho ikakataa.

Halafu kundi la aabo likaanza kuugua. Ngamia wakaharibu mimba, wengine chuchu zikavimba, maziwa yakapungua. Afisa wa mifugo alisema ni ugonjwa unaoletwa na inzi. Aabo hakumsikiliza, alisema kuna mtu amechemsha. Na kwa kuwa mimi nilishaapa, hakunitazama mimi. Alimtazama Hawa, mke wa kaka yangu. Hawa alikuwa na mtoto mchanga anayeharisha, na nesi wa zahanati alimwambia maziwa ya mtoto yachemshwe. Akakana, akalia, akasema wallahi alichemsha ya mbuzi tu. Nani amsikie? Walimrudisha kwao Lafey na mtoto wake mgongoni, kwa kuwa bado ananyonya.

Mwezi uliopita Abdi akaja na mwenzake wa kazini kutoka Nairobi, mtu wa maneno mengi. Nikiwapakulia chakula nikamuuliza kwa mzaha tu, "Shemeji, hayo maziwa yetu yanafikaje kwenye tangi bila kuharibika?" Akanijibu huku anakula, "Mama, lazima tuyachemshe kwanza tuue vijidudu. Maziwa mabichi hayaingii kwetu." Abdi hapo hapo akaanza kumuuliza habari za barabara. Nilimtazama mume wangu, yeye akatazama sahani.

Mgeni alipokwenda nikamkabili. "Ulijua?"

"Nilijua," akasema. "Ningesema, mzee angeuza?"

"Na Hawa?"

"Hawa bado kijana, ataolewa kwingine. Kaka yako naye atapata mke. Wewe nyamaza tu, abaayo, haya mambo hupita."

Aliyasema kwa upole, akiniita abaayo, yaani dada, kama mtu anayebembeleza mtoto. Tangu siku hiyo upole wake unanitia hofu. Najiuliza ni mangapi mengine amenibembeleza nayo. Akisema analala Nairobi, analala Nairobi kweli? Juzi aliniambia kiwanda kimeacha kuchemsha, na alitumia sauti ile ile ya "ni baridi tu." Nimekuwa mwanamke wa kunusa makoti na kusikiliza mlangoni, na sikuwa hivyo. Nimechoka.

Jamani, mimi sijui kama moto wa Nairobi unaweza kumdhuru ngamia wa Habaswein. Pengine ni inzi kweli. Lakini Hawa hana kosa, hilo nalijua, na ni mimi peke yangu ninayeweza kulisema likaaminiwa. Nikilisema, aabo atanitaka nimwache Abdi, namjua, hasira yake haina mlango wa nyuma. Na kwetu watoto ni wa baba yao. Watabaki hapa, mimi nitatoka na nguo zangu.

Kaka yangu ameshatafutiwa mke mwingine. Wazee wa msichana wanataka kujua kwa nini yule wa kwanza aliachwa, wasije wakatoa binti yao akaonewa. Aabo anakuja Ijumaa kunichukua, niende nikawaeleze mimi, kwa sababu anasema katika watoto wake wote mimi ndiye nisiyesema uongo. Tayari nimefua nguo ya safari. Ndugu wasomaji, nishaurini: nikikaa mbele ya wazee wale, aabo yuko kando yangu, wakaniuliza Hawa alifanya nini, nijibu nini?