Waya Ambao Sikuuchomoa

Mimi vidude navipenda, nisifiche. Watu wakiniona na goti langu bovu wanadhani mjukuu wangu ndiye ananilazimisha kukaa kwenye chumba chake cha kompyuta. Hapana, naenda mwenyewe. Akileta boksi jipya naacha mchele nusu haujachambuliwa, nakaa kwenye mkeka nione kilichomo. Ana kibodi inayolia kama mahindi kwenye kikaango. Ana kipanya kinachobadilika rangi tumboni. Kuna na feni ndogo ya kushika mkononi, hiyo aliniachia, nikawa naenda nayo kanisani mpaka akina mama wenzangu wakaacha kusikiliza mahubiri wakawa wananiangalia mimi.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Watoto wote waliozaliwa mtaani kwetu tangu tuhamie huku Ilemela nawajua majina, na mama zao pia. Hapa sitamtaja hata mmoja, maana sijawaomba ruhusa. Na vya kompyuta ni hivyo hivyo. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo, ramu, madabodi, ule ubao unaobeba vyote, feni ya nyuma, feni ya juu. Mjukuu wangu akiwa amejikunja chini ya meza ananiambia, "Bibi, nipe bisibisi ya nyota, ile fupi," na mimi nampa hiyo hiyo.

Ninachoogopa mimi ni radi.

Nilipokuwa msichana, kwetu upande wa Magu, kaka yangu alinunua redio baada ya kuuza pamba. Kaya zote za jirani hazikuwa na redio, wakawa wanakuja kusikiliza kwetu. Ili ishike vizuri, kaka alifunga waya mrefu kutoka kwenye redio mpaka juu kabisa ya mti nyuma ya nyumba. Siku moja mvua ilikuwa bado iko mbali, tunaiona tu inavyotia giza kule. Kaka amekaa anazungusha kitufe atafute nyimbo. Radi ikashuka na ule waya. Hakufa. Ila masikio yake hayakusikia tena, yote mawili. Baadaye alinunua redio nyingine, hata sijui kwa nini, akawa anaiwasha na kuweka kiganja juu yake aone inavyotetemeka. Alifanya hivyo mpaka uzee wake.

Kwa hiyo mimi wingu likijikusanya tu nafunika kioo, naingiza sufuria zinazong'aa, naanua nguo nyekundu kwenye kamba, nachomoa kila kilichochomekwa. Na nyumba yetu iko juu ya mlima wa mawe. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote, na hakuna bati lililo juu kuliko letu.

Sasa mjukuu wangu huyu, binti wa marehemu mwanangu, aliunda kompyuta yake mwenyewe, kipande kwa kipande. Ubavu mmoja ni kioo kitupu, na ndani kuna feni zinazowaka nyekundu. Nilimuuliza, rangi zote za Mungu, ukaona hiyo? Akacheka, "Bibi, nyekundu ndiyo niliyoipata." Madabodi alibadilishana na mtu, akatoa kompyuta yake ya zamani na simu yake nzuri. Hakubakiwa na kingine cha kufanyia kazi, na kazi yake ndiyo hiyo, kuwatengenezea watu mabango na kadi za harusi.

Alasiri moja ya masika alikuwa ameweka prosesa mpya. Alinieleza kwamba kwenye madabodi kuna kitu kidogo kama punje ya harage, ndani yake kuna maelekezo ya kuiamsha mashine. Yale maelekezo ya zamani hayaijui vizuri prosesa hii, kwa hiyo anayaandika upya. Nikasema sawa. Akaanza. Mstari mweupe ukawa unatembea kwenye skrini polepole. Ndipo nikageuka dirishani nikaona ziwa limekuwa jeusi.

"Mama," nikamwambia, maana huyu ndiye mama yangu, ana jina la mama yangu, "zima. Mvua hiyo."

"Siwezi, Bibi."

"Huwezi nini? Si unabonyeza tu?"

"Nikizima sasa hivi inakufa. Umeme ukikatika inakufa. Mpaka imalize kuandika."

"Itamaliza lini?"

Alisogea karibu na skrini. Aliangalia ule mstari.

Upepo ukaanza kupiga mabati. Jirani yetu wa nyumba ya chini akaingia mbio, amejifunika ungo wangu aliokuwa amekuja kurudisha. "Shikamoo Bibi! Hii mvua si ya kawai—" Akaiona mashine. "Yesu wangu! Bibi, mmewasha hilo jidude na radi yote hiyo? Na taa nyekundu? Si bora mngepanda juu ya bati mkaipungia mkono!"

"Marahaba. Kaa chini," nikamwambia.

"Nikae humu? Nifie kwa watu?" Lakini akakaa, mbali, karibu na mlango, akapandisha miguu kwenye kochi.

Nilikwenda kwa haraka ambayo goti langu halikuitegemea. Nikafunika kioo cha kabati. Nikageuza sufuria. Nikachukua kaniki yangu nikaitupa juu ya kompyuta, mjukuu wangu akaruka kuitoa. "Bibi, itakosa hewa! Itaungua!" Basi nikafanya nililoweza, nikavuta kigoda nikakaa katikati ya dirisha na ile mashine, nimejitandaza na kaniki yangu, ule wekundu usionekane nje. Jirani akasema, "Sasa hapo unaikinga radi kwa mgongo?" Nikazidi kuitandaza kaniki.

Radi ya kwanza ilipiga mawe ya juu ya nyumba. Niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Taa ikafifia, ikarudi. Mjukuu wangu hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya boksi la ile mashine, taratibu, asikie kama feni bado zinazunguka.

Kile kiganja. Nilimwona kaka. Nilishuka kwenye kigoda nikatambaa mpaka ukutani, nikaushika waya pale ulipochomekwa.

"Toa mkono hapo juu," nikasema.

"Bibi, usichomoe."

"Nimesema toa mkono!"

"Nimetoa. Ona, nimetoa. Bibi, nakuomba. Sina nyingine."

"Chomoa, Bibi!" jirani akapiga kelele kutoka kwenye kochi. "Vitu vinanunuliwa, mtu hanunuliwi!"

Alikuwa anasema kweli, na vidole vyangu vilikuwa tayari vimekaza. Mjukuu wangu alirudi nyuma mpaka kitandani akakaa, mikono ameibana katikati ya magoti kama mtoto aliyekatazwa. Hakunifuata. Angetaka angenishika, ana nguvu kuliko mimi. Alinitazama tu. Radi nyingine ikapiga, karibu kuliko ile, jirani akaanza kusali kwa sauti. Nikasema nahesabu mpaka tatu nachomoa. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Mkojo kidogo ulinitoka, niseme ukweli.

Halafu mashine ikanyamaza yenyewe. Feni zikasimama, nyekundu ikapotea, skrini ikawa nyeusi. Wakati huo huo na balbu ikazimika, nyumba nzima giza la mvua.

"Wewe umechomoa?" mjukuu wangu akauliza.

"Sijachomoa. Shika uone, waya uko pale pale."

Alisema ikimaliza kuandika huwa inajizima kidogo halafu inajiwasha. Na umeme ukikatika nayo inazima. Ipi imetangulia, hakuna aliyejua. Tukakaa. Mvua ilinyesha mpaka ikachoka, jirani akaenda zake akisema atawasimulia watu wote, na sisi wawili hatukuinuka hata kupika. Macho yake hayakutoka kwenye ile mashine, nikaona aibu kumwambia nimefurahi kwamba yeye mzima.

Umeme ulirudi jua likizama. Alikwenda mbele ya kitufe cha kuwashia, akasimama.

"Bonyeza wewe, Bibi."

Nikabonyeza. Feni zikageuka. Taa zikawaka. Skrini ikabaki nyeusi, nyeusi, nikaanza kumtafutia maneno ya pole. Ndipo yakaja maandishi meupe, na katikati yake jina la prosesa, nikalitambua. Mjukuu wangu alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Imeijua," akasema. "Bibi, imeijua. Umeona?"

"Nimeona," nikasema. "Haya, chomoa."

Akachomoa, hakubisha hata neno moja.