Kitambaa cha Randa

Shangazi yangu hukasirika kwa mikono kwanza, mdomo hufuata. Ukimwona anakunja msasa mpaka unakuwa mdogo kama kiberiti, kaa mbali.

Yeye ndiye mpaka rangi wa karakana yetu. Baba, kaka yake, anatengeneza milango na makabati, yeye anamalizia. Wateja wamempa jina la Msasa, wengine kwa sababu ya kazi, wengine kwa sababu ya ulimi, naye huwaitikia wote. Huanza na msasa mkali, kisha laini, kufuata nyuzi za mbao. Anafuta vumbi kwa kitambaa chenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Halafu anafumba macho na kupapasa ubao kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Kikimkwaruza kitu, anarudia.

"Unaupaka rangi au unaulea?" Baba humuuliza.

"Naulea, kaka. Rangi haiondoi uchafu, inaufungia ndani tu."

Mlango uliowagombanisha ulikuwa wa mkunga, wa chumba cha kuzalishia. Unaoshwa kwa dawa kila siku, ndiyo maana alitaka rangi ya yurethani, ile inayokauka ngumu kama kigae. Mlango wake wa zamani ulipakwa kwingine. Rangi ikabanduka, maji yakaingia, ukaoza chini. Shangazi akamwahidi kwamba huu hautabanduka. Baba naye alishatangaza mbele ya mafundi: huu ukiharibika, Msasa aweke brashi chini, atafutwe mpaka rangi mwingine.

Basi aliuandaa mlango ule hata kwenye ukingo wa chini, pale pasipoonekana na ndipo panapokunywa maji. Akaenda uani kukoroga praima, rangi ya kwanza inayoshikana na mbao. Aliporudi na kuanza kupaka, mkunga alikuwa amefika kutazama.

Praima ilikataa kukaa. Ilijikusanya huku na huku, ikaacha mabaka matupu kama maji kwenye sufuria yenye mafuta.

Baba hakungoja. "Unaona, mkunga? Mkono wake umekuwa mzito siku hizi. Nilisema mimi."

Shangazi aliweka brashi juu ya kopo. Akachukua msasa. Akaukunja, akaukunja tena.

"Nani kafuta mlango wangu?"

Aliyekuwa anapiga misumari aliacha.

"Tazameni mabaka haya. Yamezunguka, duara kwa duara. Mimi tangu lini nafuta mbao kama naosha sahani?"

Akaenda moja kwa moja kwa Baba, akamvua kitambaa begani. Ni kile anachokipaka mshumaa na kusugulia tumbo la randa ili iteleze. Akakipitisha kwenye kipande cha ubao safi, akadondosha maji. Maji yakasimama vidonge vidonge.

"Nta! Umefuta mlango niliokwisha kuusafisha, kwa nta!"

"Niliona vumbi kidogo..." Baba akashusha sauti. "Mdogo wangu, si tuyamalize ndani?"

"Kwani ulinitukania ndani?"

Mkunga akakaa juu ya benchi, mkoba mapajani. "Mficha uchi hazai, fundi. Sukuma tu, itoke."

Mafundi wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka.

"Nilifuta mimi," Baba akasema, akiutazama msumeno.

"Msumeno hauna mlango. Mwambie mwenye mlango."

"Nilifuta mimi, mkunga. Mkono wake hauna kosa."

Nilidhani yameisha. Shangazi akamsukumia kopo la thina na kikwanguo. "Kwangua yote. Usiache hata baka moja."

Baba, mwenye karakana, akakwangua jasho likimtoka, akasafisha kwa thina, akabadilisha vitambaa, akapiga msasa. Shangazi alisimama nyuma yake, mikono kiunoni. "Fuata nyuzi! Kwani unafukuza inzi?"

Alipomaliza, Shangazi akafumba macho, akaupapasa mlango kutoka juu, polepole, mpaka kwenye ukingo wa chini. Kiganja kikasimama.

"Hapa bado."

Baba akamtazama mkunga, akawatazama mafundi. Kisha akapiga magoti.