Kidonge Kilichoamkiwa

Juma lililopita nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Usagara, nikingoja kupimwa presha. Mbele yangu bibi mmoja wa Moa alikuwa amekwisha kupimwa, na daktari, kijana wa Kihindi, akampa kidonge cheupe na kikombe cha maji.

"Kimetokana na nini, mwanangu?"

"Mzizi wa mti wa kwetu Bara Hindi, bibi. Unashusha presha."

"Aliyeuchimba aliuomba?"

"Hilo sijui."

"Basi nitauomba mimi. Kwetu mti wa dawa hauchimbwi bila kuamkiwa."

Akapiga magoti sakafuni kama yuko porini, kidonge kiganjani, akasema taratibu: "Shikamoo, mti. Umetoka mbali. Sikukuchimba mimi, lakini ugonjwa ni wangu. Nishushie damu hii, nina mjukuu wa kulea." Ndipo akameza.

Daktari alikuwa amesimama. Na sisi wa benchi tulikuwa tumesimama, wala hakuna aliyetuambia.

Zamu yangu ilipofika nilipewa kidonge cha aina ile ile. Msomaji, mimi hujiita mtu wa kisasa, kwa hiyo sikukimeza pale. Nilikwenda nacho nyumbani Nguvumali, nikafunga mlango, nikapiga magoti.